Mwachie Mungu Kazi Yake, Ushike Yako

Maneno "nimemwachia Mungu" huku kwetu hayana mwenyewe. Utayasikia kwenye foleni ya maabara Nakuru, kwenye matanga Siaya, na kwa mwenye duka wa Mbale ambaye mkopo wa chama umemlemea. Wakati mwingine yana imani ndani yake. Mara nyingi yanamaanisha tu kwamba mtu amechoka, na kuchoka si dhambi. Ila kuna siku yanakuwa mlango wa kutorokea, na hapo ndipo yanapoharibu nyumba.

Kwa maoni yangu Wakristo wengi wanaachilia sana, ila wanaachilia upande usiofaa. Tunamwachia Mungu kazi aliyotupa sisi, kisha tunang'ang'ania ile aliyojiwekea yeye. Mzazi anamwachia Mungu karo bila kufika shuleni kuomba alipe kidogo kidogo, lakini usiku huohuo anapanga mtoto atasomea nini, ataoa wapi na atajenga upande gani wa boma. Karo ilikuwa kazi yake. Ndoa ya mtoto haikuwa.

Soma Ezra sura ya 8 polepole. Ezra yuko kwenye mto Ahava akijiandaa kwenda Yerusalemu, safari ya miezi minne, na njiani kuna waviziaji. Anaona haya kumwomba mfalme askari na wapanda farasi, kwa sababu alikwisha kumwambia kwamba mkono wa Mungu uko juu ya wote wamtafutao. Basi watu wanafunga na kuomba. Mahubiri mengi hukomea hapo, watu wakapiga makofi. Lakini mstari unaofuata tu, Ezra anawatenga wakuu wa makuhani 12 na kuwapimia mali kwa mizani: talanta 650 za fedha, vyombo vya fedha talanta 100, dhahabu talanta 100. Ukichukua talanta moja kuwa kilo 30 hivi, fedha peke yake inakaribia tani 20. Wakafika Yerusalemu, na siku ya nne kila kitu kikapimwa tena, kwa hesabu na kwa uzani, na uzani wote ukaandikwa.

Mtu aliyekataa askari hakukataa mizani. Usalama wa barabara ulikuwa nje ya uwezo wake, na alikuwa ameshautolea ushuhuda mbele ya mfalme. Uaminifu wa hesabu ulikuwa mikononi mwake, kwa hiyo hakuuombea, aliusimamia. Baadaye Nehemia anafunga safari ya kwenda mji huohuo, naye anasindikizwa na maofisa wa jeshi na wapanda farasi wa mfalme (Nehemia 2:9). Hakuna mstari unaomkemea. Kwa hiyo ukitaka kujua nani anamtegemea Mungu, usihesabu walinzi wake. Mmoja hana bima na amejaa kiburi, mwingine analipa bima na analala kwa amani.

Mahali pazuri pa kuona mgawanyo huu ni shambani. Chukua ekari moja ya mahindi Bungoma au Kakamega. Upande wako una kazi nyingi: kulima kabla mvua za Machi hazijashika, kupima udongo kwa sababu mwingi wa magharibi una asidi na unahitaji chokaa, mbegu iliyothibitishwa kilo 10, mbolea ya DAP mfuko wa kilo 50 wakati wa kupanda, mistari ya sentimita 75 na mbegu moja kila sentimita 25. Palizi ya kwanza isichelewe. Mbolea ya kukuzia, CAN, iwekwe mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu. Halafu kuna kuingia shambani asubuhi na kuchungulia moyo wa mmea, maana viwavijeshi vamizi walioingia Kenya mwaka 2017 hujificha humo na kuacha kinyesi kama vumbi la mbao. Upande usio wako ni mfupi lakini mzito: kama mvua itaendelea au itakatika wiki mbili baada ya kupanda, kama mawe yataanguka, na gunia la kilo 90 litauzwa shilingi ngapi wakati wa mavuno.

Mkulima aliyeshikwa na hofu hukosea kwa namna mbili zinazopingana. Kuna anayekimbilia mvua ya kwanza ya kudanganya kwa sababu jirani amepanda. Kuna anayengoja mpaka mawingu yote yakubaliane naye, na huyo Mhubiri 11:4 ilishamwandikia: anayeuangalia upepo hatapanda. Kwenye mavuno hofu inarudi na nguo nyingine. Mmoja anamuuzia dalali mahindi yakiwa bado shambani, asije akakosa mteja. Mwingine anayaficha ghalani yakiwa na unyevu akingoja bei ipande. Yanatakiwa yafike unyevu wa asilimia 13.5, na kama huna kipimo, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, kisha tazama: chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, rudisha mahindi juani. Ukiyaweka hivyohivyo na kuyafunga kwa maombi, kuvu itaingia na sumukuvu nyuma yake, ile aflatoksini ya kwenye habari. Maombi hayo yatakuwa ya kumwomba Mungu afanye kazi ya jua uliloliacha lipite.

Marko sura ya 4 ina watu wawili waliolala, na sijui kwa nini hatuwaweki pamoja. Wa kwanza ni mkulima wa mstari wa 26 na 27: anamwaga mbegu, analala na kuamka, nayo mbegu inamea na kukua asivyojua yeye. Wa pili ni Yesu mwenyewe, nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto, dhoruba ikipiga. Mkulima amelala baada ya kupanda. Yesu amelala baada ya kufundisha makutano kutwa nzima. Hakuna aliyelala badala ya kazi.

Sasa namna ya kufanya. Mfalme Hezekia wa Yuda alipopokea waraka wa vitisho kutoka Ashuru, alipanda nyumbani mwa BWANA na kuukunjua mbele zake (2 Wafalme 19:14). Waraka wenyewe, karatasi yenye maneno. Nawe tafuta karatasi. Andika jambo moja tu, kwa sentensi yenye jina na kiasi. "Mambo ya pesa" haifai. "Deni la sacco, shilingi 84,000, mwisho wa Novemba" inafaa. Sababu ya kutaja hivyo ni kwamba wasiwasi hunenepa kwenye ukungu: jambo lisilo na mipaka haliwezi kukabidhiwa kwa mtu yeyote, na ukidhani umelikabidhi utalikuta jioni limekaa kitini.

Chini yake gawa sehemu tatu. Watu wengi hugawa mbili, yangu na ya Mungu, wakasahau ya mwenzangu. Hiyo ya tatu ndiyo inayovunja ndoa. Mwanao wa kidato cha nne ana kazi yake ya kusoma na kufanya mtihani; wewe una kazi ya kulipa, kumlisha, kumsikiliza na kukaa naye kuchagua kozi kwenye KUCCPS, mfumo wa serikali wa kuwapangia wanafunzi vyuo, kabla dirisha halijafungwa. Akikosa ile C+ ya kuingia chuo kikuu, bado kuna vyuo vya ufundi, na kuna maisha yake yote ambayo hukuyaumba. Mzazi anayebeba sehemu ya mtoto humfundisha mtoto kutobeba chochote. Mume anayepekua simu ya mkewe kila usiku, "kuomba huku nikikesha", ameingia kwenye sehemu ya mwenzake na ya Mungu kwa wakati mmoja.

Kipimo cha kujua kama jambo ni lako ni rahisi: je, unaweza kulifanya kwa mikono yako, kwa pesa uliyo nayo au unayoweza kuipata kihalali, kabla ya Jumapili ijayo? Kama ndiyo, liandike kwa kitenzi na siku. "Jumanne, kumpigia afisa wa mikopo na kuomba muda." Kama hapana, usiliweke upande wako hata likikuuma.

Ukimaliza, omba kwa sauti ukisoma ile sehemu isiyo yako, na sema wazi unachotaka. Hapa wacha Mungu wengi hujikwaa. Wanaruka moja kwa moja kwenye "mapenzi yako yatimizwe" kana kwamba kutaka ni ukosefu wa imani. Gethsemane haikuwa hivyo. Yesu aliomba kikombe kimwepuke, akaomba mara ya pili, na mara ya tatu kwa maneno yaleyale (Mathayo 26:44). Ombi lilitangulia, kukubali kukafuata. Ukiruka ombi, huwi umekabidhi. Umemeza tu, na kilichomezwa hivyo huja kutoka kama hasira kwa watoto. Dakika kumi zinatosha. Siku hiyohiyo fanya angalau kitu kimoja kati ya vilivyo vyako, hata kiwe kidogo, maana mwili huamini mikono kabla haujaamini midomo.

Saa tisa za usiku mawazo yatarudi. Hilo ni la kawaida na halina maana kwamba maombi hayakufika. Kosa ni kuinuka na kulijadili jambo upya kitandani, kwa sababu akili ya saa tisa haina kalamu wala benki iliyo wazi. Weka daftari karibu. Likija jambo jipya la kufanya, liandike kwa mstari mmoja, ufunge daftari. Likiwa ni lilelile, sema sentensi moja uliyoichagua mchana, ya Zaburi au yako mwenyewe, kisha pumua taratibu. Simu ikae chumba kingine. Anayeangalia salio la M-Pesa mara sita usiku hapati shilingi ya ziada, anapata mapigo ya moyo. Karatasi yenyewe irudie mara moja kwa wiki, si kila siku. Ukiirudia kila siku unaing'oa mbegu kuangalia kama imeota.

Kuna udhibiti unaovaa kanzu ya imani, na huu ndio unaoniudhi zaidi. Mtu anaambiwa "apande mbegu" ya shilingi 10,000 kwa nambari ya paybill inayopita chini ya skrini ili visa itoke, au mtoto apone, na akiongeza kiasi jibu litakuja haraka. Tazama vizuri kinachofanyika: huko si kumtegemea Mungu, ni kumwekea Mungu bei. Kutoa sadaka ni amri njema. Kutoa ili upate mkono wa kumkunja Mungu ni jambo jingine, na Simoni mchawi wa Matendo 8 alipotaka kununua kipawa kwa fedha, Petro hakumpa risiti. Kufunga nako kunaweza kupinda hivyo. Ukifunga siku 40 huku ukisema moyoni "sasa atanijibu tu", umefanya mgomo wa kula mbele ya mwajiri. Nadhiri za "ukinipa hiki nitakupa kile" zina hatari ileile. Dalili ya kujua ni hii: jibu likichelewa, unahisi umedhulumiwa deni.

Lazima niseme kuhusu dawa, maana huku Nyanza na magharibi watu wamekufa. Hezekia huyohuyo wa waraka alipougua, BWANA aliahidi kumponya, kisha Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:7). Ahadi na tini katika sura moja. Anayetumia ARV akiombewa aendelee kumeza, kwa sababu dawa zikiachwa virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache, na zile dawa za mwanzo zinaweza kukataa kufanya kazi baadaye. Vivyo hivyo vidonge vya presha na insulini. Kama Mungu ameponya, kipimo cha hospitali hakitamvunjia heshima. Wale wenye ukoma kumi walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani. Mhubiri anayekataza kipimo anaogopa kipimo. Na yeyote anayetaka uthibitisho wa imani kwa kuacha kula au kuacha tiba, kumbuka msitu wa Shakahola kule Kilifi mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Shetani pia alimwambia Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu, na alikuwa na andiko mkononi.

Upande huohuo weka bima. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF: mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Kujiandikisha hakupunguzi imani hata kidogo. Kinachoipunguza ni kuacha kulipa kwa jina la imani, halafu kuwaita ndugu wote kwenye kikundi cha WhatsApp wachange mtu akilazwa. Hesabu za kanisa nazo ziko hapa. Mweka hazina anayesema "Mungu ndiye mkaguzi wetu" apewe wenzake wawili wa kutia sahihi, na sadaka ihesabiwe na watu watatu kabla haijatoka jengoni. Ezra angekubali.

Zoezi gumu kuliko yote ni siku ya kupumzika. Kwenye mana kila mtu aliokota pishi moja kwa siku, iliyowekwa hadi asubuhi ikaingia mabuu, isipokuwa siku ya sita walipookota mara mbili (Kutoka 16). Angalia kwamba hata pumziko lilikuwa na maandalizi. Waadventista, ambao wako Gendia karibu na Kendu Bay tangu 1906, wanalijua hili kuliko sisi wengine: Ijumaa kabla jua halijazama chakula kimepikwa, nguo zimepigwa pasi, duka limefungwa. Kwa anayeabudu Jumapili na kuuza soko la Kibuye, Kisumu, mtihani ni mkali, maana Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko lile. Simwambii mtu mwenye kibanda na watoto wanne afunge kesho. Aanze na kinachowezekana: afungue baada ya ibada, au achague siku nyingine kamili isiyo na mauzo, awaambie wateja mapema, anunue bidhaa siku moja kabla, na kwa miezi mitatu aandike mauzo ya wiki nzima badala ya kulinganisha siku na siku. Huenda yakashuka. Sitamdanganya kwamba siku zote yatapanda. Anachojifunza ni kwamba dunia iliendelea kuzunguka bila yeye kusimama mlangoni, na hilo halifundishwi kwa semina. Kinachoharibu zoezi hili kila mara ni kufunga duka na kuacha simu ya biashara wazi mfukoni.

Halafu kuna yale yasiyojibiwa. Umefanya yako, umemwachia mwenzako yake, umemkabidhi Mungu yake, na mtoto amekufa, au kazi imekwenda, au mafuriko ya Nyando yamebeba mpunga wote Ahero. Hapa tafadhali asitokee mtu wa kusema hukuachilia vya kutosha. Zaburi 88 inaanza na kilio na kuishia gizani, na ilibaki kwenye kitabu cha nyimbo za ibada. Anayeomboleza kwa Mungu bado anaongea na Mungu; aliyejikaza na kusema "ni sawa tu" mbele ya wageni huenda aliacha kuongea naye wiki iliyopita.

Watu huuliza waombe jambo lilelile mpaka lini. Paulo alimsihi Bwana mara tatu kuhusu mwiba wake, akapewa jibu ambalo hakuliomba, akaacha (2 Wakorintho 12). Mjane wa Luka 18, aliyemwendea kadhi tena na tena kudai haki, hakuacha, na Yesu akamtolea mfano. Tofauti ni kwamba Paulo alijibiwa na mjane alikuwa bado hajajibiwa. Kwa hiyo kama hujapata jibu, hata la kukataliwa, usiitoe karatasi daftarini. Andika tarehe pembeni, uhamishe zile kazi zako zilizobaki kwenye wiki inayofuata, na kama sehemu yako imebaki tupu kabisa, iache tupu; usibuni kazi ili ujisikie una usukani.